Meli ya Watu wa Nchi Kavu

Sisi wa Puge, huku kati ya Nzega na Tabora, hatuna maji ya kujivunia isipokuwa ya malambo. Hata hivyo, nikiulizwa ni meli gani ya vita niijuayo, hujibu bila kusita: Liemba.

Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa katika masanduku yapatayo 5,000. Kutoka Dar es Salaam ililetwa kwa gari-moshi, ikapita Tabora, ikiifuata njia ambayo babu zetu wapagazi waliipita na pembe za ndovu mabegani. Kigoma ikaunganishwa upya, ikashushwa majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen, gavana aliyekuwa madarakani Vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905. Sisikitiki kwamba jina hilo halikudumu.

Utumishi wake vitani ulikuwa mfupi. Ilifungwa mzinga uliotolewa katika manowari Königsberg, iliyoangamia Rufiji, ikabeba askari huku na huku ziwani. Julai 1916, Wabelgiji walipoikaribia Kigoma, Wajerumani waliizamisha wenyewe. Lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo grisi nene. Kwa kweli nawavulia kofia. Anayetaka kuharibu hafanyi hivyo. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, mitambo ikakutwa inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba, jina la zamani la ziwa lenyewe.

Basi hesabu, ndugu msomaji: vita mwaka mmoja na nusu hivi, abiria na dagaa zaidi ya miaka themanini! Wanaoandika habari zake hukaa mno kwenye ule mwaka na nusu.

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, nilipokea wanafunzi wa Kirando na Kasanga waliofika Kigoma kwa meli hiyo, kisha wakapanda treni. Binti mmoja alinieleza kwamba kwao hapakuwa na gati. Meli ilisimama mbali, mitumbwi ikaisogelea usiku, naye akavutwa juu kwa mikono, godoro lake likifuata kwa kamba.

Mwaka 2015 nilimkumbuka. Maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko walikuwa wamesongamana Kagunga, kijiji kisicho na barabara. Liemba ilitia nanga mbali na ufuko, mitumbwi ikaisogelea, wakina mama wakapandishwa na watoto wao, mia kwa mia, hadi Kigoma.