Arobaini kwa Kumi na Tano

Sijawahi kushika raketi. Nalisema hili mapema kwa sababu maoni yangu kuhusu tenisi ya wanaume ni mengi, na nimeyatetea kwenye daladala, bwenini na, Mungu anisamehe, hata msibani. Kwa miaka mingi makubwa yalikuwa mawili: Roger Federer ndiye tenisi yenyewe, na Novak Djokovic ni mgeni aliyekuja kuharibu sherehe ya watu.

Jumapili ya tarehe 14 Julai 2019 walikutana kwenye fainali ya Wimbledon. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, niko nyumbani Ujiji nasubiri chuo. Mechi ilianza saa kumi jioni kwa saa zetu, na mwenye kibanda umiza cha mtaani aliniwashia runinga kwa sharti moja: saa moja kamili anahamia Afcon, nusu fainali ya Senegal na Tunisia. Ndani tulikuwa wawili, mimi na mume wa shangazi, ambaye tunamwita Mjomba. Anatengeneza injini za boti Kibirizi. Alikaa benchi la mbele, mikono bado inanuka petroli, na alikuwa upande wa Djokovic.

Tulibishana seti tatu nzima. Nilisema lile pigo la Federer la mkono mmoja lifundishwe shuleni. Nikasema Djokovic ni ukuta, na hakuna anayelipa kiingilio akatazame ukuta. Mjomba akasema ukuta ndio unaobeba paa.

Saa moja ilipofika, seti ya nne ikiendelea, kibanda kilikuwa kimejaa. Tanzania ilishatolewa, na Senegal yenyewe ilitufunga 2-0 kwenye makundi, lakini watu walikuja kwa ajili ya Sadio Mané. Chaneli ikabadilishwa. Nikatoa simu, na kuanzia hapo fainali ikawa namba tu kwenye ukurasa wa matokeo, mimi na Mjomba tumeinamia kioo kimoja huku wenzetu wakishangilia mpira mwingine.

Seti ya tano. Federer anaongoza 8-7, na ni zamu yake kuanzisha. 40-15. Ana pointi mbili za ubingwa. Akipata moja tu, kombe lake, akiwa anakaribia miaka 38. Hapo ukurasa ukaganda.

"Kwisha, Mjomba."

"Subiri kwanza, mwanangu."

Nikanyanyua simu juu, utadhani mtandao unadakwa kwa mkono. Ukurasa ulipofunguka, ulisomeka 8-8.

Nikamgeukia kwa hasira. "Hivi huyu mgeni wako unampendea nini?"

Hakujibu haraka. Mjomba alizaliwa Baraka, ng'ambo ya ziwa. Mwaka 1996, vita vilipofika kwao, alivushwa usiku kwa boti, akiwa na miaka kumi. Habari hiyo niliijua kama nilivyojua jina lake, bila kuifikiria. Akaniambia amesoma kwamba Djokovic alikuwa na miaka 11 NATO walipoanza kuipiga Belgrade mabomu mwaka 1999, na kwamba aliendelea kucheza tenisi.

"Sisi tulikuwa tunacheza mpira ufukweni," akasema. "Risasi zikikaribia, tunalala chini. Zikinyamaza, tunaendelea tulipoishia. Hakuna aliyetuuliza kama tunacheza vizuri."

Kisha akaomba simu, aone.

Djokovic alishinda seti hiyo ya tano 13-12, baada ya saa nne na dakika 57. Kwa jumla Federer alipata pointi 218, mwenzake 204. Namba hizo nimezitunza kama risiti ya mtu aliyedhulumiwa. Baada ya mechi Djokovic alieleza kwamba umati ukiimba "Roger", yeye husikia "Novak". Niliposoma maneno hayo sikumfikiria Djokovic. Nilimfikiria mtu aliyeishi Ujiji zaidi ya miaka 20, kaoa hapa, kazika watoto wa watu na kuchangia harusi zao, na bado wapo mtaani wanaomwita "yule Mkongo". Na mimi, kijana wa nyumbani kwake, nilikuwa nimetumia jioni nzima kumweleza ubaya wa wageni wanaoshinda.

Timu sijabadili. Federer alipostaafu mwaka 2022 nililia kweli. Djokovic alipofikisha mataji makubwa 24 mwaka uliofuata sikupiga makofi, na bado naona mchezo wake hauna utamu. Ila neno "mgeni" nimeliacha.

Juni 2025, sasa nikiwa Dar es Salaam kwa shahada ya uzamili, Jannik Sinner alipata pointi tatu za ubingwa dhidi ya Carlos Alcaraz kwenye fainali ya Roland Garros. Nikafungua simu, nikamwandikia Mjomba: "Kwisha."

Nikaifuta kabla sijatuma, nikasubiri. Kombe akabeba Alcaraz.