Wosia kwa Wajukuu Wanaopamba Nyumba

Wajukuu zangu mlioshika fani ya kupamba nyumba,

Nawaandikia mapema, kalamu ingali inanitii. Shamba sina, na nyumba ya Lamu ina warithi wengi kuliko vyumba. Mimi ni fundi chokaa. Nitawaachia nilichokiona ukutani.

Mnaniambia mawazo mnayapata kwenye simu. Sikatazi. Ila kila sebule mnayonionyesha ina dari ile ile ya jipsamu yenye taa za mkanda na kochi lile lile la kijivu, iwe Mombasa, iwe Morogoro. Picha inakuonyesha kilichofanywa, haikwambii kilifanywa kwa nini, na hiyo sababu ndiyo ya kuiba.

Ingieni nyumba zetu za mawe. Boriti ya mkoko haivuki mbali, kwa hiyo chumba hakizidi sana meta 3 kwa upana. Kinakwenda kirefu, chembamba. Fundi wa karne ya 18 hakuweza kukipanua. Akaugeukia ukuta: zidaka, vile vishubaka vya kuwekea vitu, safu juu ya safu, lipu ya chokaa ikikatwa kwa kisu ingali mbichi, kingo zikinyooshwa kabla haijakauka. Mwanga wa uani ukifika huko ndani umeshafifia, na vivuli vya zidaka juu ya ukuta mweupe vinaufanya mwisho wa chumba uonekane uko mbali kuliko ulipo. Humo zilipangwa bakuli za Uchina. Urembo ulianza na ufupi wa mti.

Mwaka 2019 Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, alikabidhiwa uso wa jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Ukuta ule nao una zidaka zake, kubwa, za mawe, zilizokuwa tupu tangu 1902. Akawaketisha humo wanawake wanne wa shaba nyeusi, miili imezungushiwa mapindo, na visahani vinavyong'aa usoni na kichwani. Wachongaji wa Ulaya, na wa kwetu Afrika pia, wamezoea kumchonga mwanamke amebeba paa au kigoda cha mkubwa. Wa Mutu wamekaa, hawakumbebea mtu kitu. Nami, kama fundi, nampa heko kwa jambo moja zaidi: hakuongeza ukuta wala hakubomoa. Aliona pengo ambalo watu wamelipita zaidi ya miaka mia moja.

Wapo wengine walioanza na kilicho karibu. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 akiwa Dar es Salaam, kwenye vibao vya dari, kwa rangi ya baiskeli. Akafariki 1972. Wanaomuiga wanakopi twiga wake. Mimi namsifia ile rangi. Na Lubaina Himid, mzaliwa wa Unguja aliyeshinda Tuzo ya Turner mwaka 2017, yuko Uingereza tangu mtoto mchanga, lakini kanga anairudia katika michoro yake. Mamake alikuwa mbunifu wa vitambaa. Nanyi mna mama zenu, na makabati yao hamjayafungua.

Basi mkiitwa kwenye nyumba ya mtu, msianze na katalogi. Kaeni humo saa saba mchana, feni imezimwa, mjue upepo unaingilia wapi. Muulizeni mwenye nyumba ni kitu gani hatakitupa hata mkimpa kipya. Akitaja mkeka wa marehemu mamake, rangi za chumba zitoke kwenye huo mkeka. Mkienda kwenye maonyesho ya sanaa, chagueni kazi moja mkae nayo mpaka mjue imetengenezwa kwa nini na vipi, kisha mrudi nyumbani. Nyingine zitangoja.

Mwiko wangu na visu vya kukatia lipu vimo kwenye kikapu cha ukindu chini ya kitanda. Msivigawane. Ni vya yule atakayekwenda kujifunza chokaa kwa mafundi waliobaki Lamu, na aende mwaka huu, kwa kuwa nao ni wazee.

Babu yenu