Barabara ya Jinja Usiku na Taa Zenye Mikuki

Kutoka Kampala hadi Jinja ni mwendo wa kilomita 80 hivi. Mchana barabara hiyo haina siri. Msafiri huliona soko la Nakawa, akapita Kireka na Bweyogerere, akaufikia mji wa Mukono, kisha Lugazi yenye mashamba ya miwa, halafu msitu wa Mabira, na mwisho mto Nile, pale maji ya ziwa Victoria yanapoanza safari yao ndefu ya kwenda Misri. Mtoto wa shule aweza kuichora njia hiyo ubaoni bila kukosea.

Usiku barabara ni nyingine. Nchi hufunikwa na giza, na msafiri huijua njia kwa taa zake tu. Nazo taa hazionekani sawa kwa macho ya watu wote. Hayo ndiyo yaliyomfika dereva mmoja wa polisi, mwenye cheo cha konstebo, aliyeendesha lori la kazi katika njia hiyo kwa muda wa miaka tisa. Aliijua kila kona na kila shimo. Jambo moja tu hakulijua, nalo ni kwamba wenzake hawakuwa wakiona kile alichokiona yeye.

TAA ZA MJINI

Safari zake nyingi zilianza jioni, mizigo ikiisha kupakiwa. Giza lilipoingia, kila taa ya barabarani ilimchipulia mikuki miwili mirefu, mmoja ukielekea juu upande wa kulia, wa pili chini upande wa kushoto. Taa nyekundu za nyuma ya magari zilichanua kama maua. Pikipiki ya bodaboda yenye taa moja ilionekana kana kwamba ina taa mbili, moja kali na nyingine hafifu. Mvua ikinyesha, lami iling'aa kama kioo, na mikuki ya juu ikakutana na mikuki ya chini, hata asijue ipi ni taa na ipi ni kivuli chake.

Hakumwambia mtu, kwa sababu hakuona la kuambia. Tangu utoto wake kijijini, nyota zilikuwa na ndevu na mwezi mwandamo ulikuwa na pacha wake. Na kwa kuwa nyota zinazochorwa katika vitabu na katika bendera zina pembe, aliamini kuwa wachoraji nao wanaona vivyo hivyo. Mtu hawezi kuazima macho ya jirani yake akatazama kwayo.

Hata hivyo alikuwa amejifunza hila zake. Alipenda kufuata lori lililotangulia, akizishika taa zake za nyuma kama kipofu ashikavyo fimbo. Gari likija mbele, hakulitazama. Aliyaelekeza macho kwenye ukingo wa kushoto wa barabara. Alifuta kioo mara kwa mara, akiilaumu waipa. Alipopimwa macho wakati wa kuandikishwa, alizisoma herufi za ukutani mchana kweupe, akikaza macho kidogo, akapita. Kwa hiyo yeye mwenyewe alijihesabu mzima.

NDANI YA MABIRA

Ukishapita Mukono huja Namawojjolo, ambako wauzaji huyakimbilia magari wakiwa wameinua kuku wa kuchoma na gonja, zile ndizi tamu zilizoivishwa juu ya makaa. Baada ya hapo ni Lugazi. Kisha miti huinuka pande zote mbili, na barabara huingia Mabira, msitu wenye eneo la kilomita za mraba 300 hivi. Humo kuna sehemu ndefu zisizo na taa ya nyumba. Kuna giza, kuna kona, na kuna matrela yatokayo pwani ya Mombasa kwenda Kampala na nchi za mbele yake. Trela likitokeza kwenye kona, taa zake humjia mtu ghafula.

Usiku mmoja, miaka michache baada ya mwaka 2018, konstebo huyo alikuwa ndani ya msitu, na kando yake ameketi koplo mmoja. Hakuwa na lori la kufuata. Trela lilitokeza mbele, dereva wake asipunguze taa. Mikuki ikajaa kioo kizima. Konstebo akageuza macho kushoto kama desturi yake, lakini safari hii ukingo wenyewe haukuonekana.

"Breki!" koplo akapiga kelele.

Lori likasimama likilia. Trela lilipokwisha kupita, vikaonekana vitu vitatu. Kwanza, matawi mabichi yaliyotandazwa juu ya lami, ishara ya gari lililoharibika. Pili, lori lenyewe, limesimama bila taa. Tatu, katikati ya matawi na lori, mzee mmoja mwenye baiskeli iliyopakiwa mikungu ya matoke, naye alikuwa ametoka kando ili alipite lori lile. Kutoka bampa ya polisi hadi gurudumu la baiskeli hapakuzidi hatua nne. Mzee hakusema neno. Aliishika mikungu yake isianguke, akaendelea kusukuma.

"Hukuyaona matawi?" koplo akauliza baada ya kimya kirefu.

"Afande, taa za yule zilinifunika."

"Zilinipiga na mimi. Lakini matawi niliyaona."

MIKUKI GANI?

Walivuka Nile kwa daraja jipya, lililofunguliwa mwezi wa Oktoba 2018, lenye urefu wa mita 525 na nyaya nene zinazoning'inia kutoka nguzo ndefu. Kabla ya hapo magari yalipita juu ya bwawa la Owen Falls, lililozinduliwa mwaka 1954 na ambalo sasa huitwa Nalubaale. Waliposhusha mizigo mjini Jinja, usingizi haukuwajia. Wakateremka hadi Masese, ufukoni mwa ziwa.

Haukuwa usiku wa mwezi. Usiku wa namna hiyo ndio wavuvi wa mukene, yaani dagaa wa ziwani, huutaka. Huwasha taa juu ya maji, samaki wadogo wakazifuata, nao wakazingirwa kwa nyavu. Mbali ziwani taa zilikuwa zimepangana kama mji mdogo.

"Leo mikuki yake ni mirefu," konstebo akasema.

"Mikuki gani?"

"Hii inayotoka kwenye taa, afande."

Koplo akatazama ziwa, akamtazama mwenzake. "Mimi naona nukta, ndugu yangu. Nukta za moto, basi." Kisha akasema, "Hebu laza kichwa begani."

Konstebo akalaza kichwa, na mikuki yote ya ziwani ikalala pamoja naye. Akakirudisha, ikasimama. Akarudia mara tatu. Taa za wavuvi hazikuwa na habari na kichwa chake. Kama mikuki ingekuwa ya taa, ingebaki mahali pake. Ilikuwa ya jicho.

JICHO LENYE UMBO LA YAI

Hali hiyo wataalamu huiita astigmatizimu. Si ugonjwa wa kuambukiza wala si upofu. Sehemu ya mbele ya jicho, iitwayo konea, ni ngozi angavu kama kioo. Inatakiwa iwe imebinuka sawasawa pande zote, mfano wa mpira wa miguu. Kwa watu wengi imebinuka zaidi upande mmoja kuliko mwingine, mfano wa yai au mgongo wa kijiko. Hapo mwanga utokao katika nukta moja haukutani mahali pamoja nyuma ya jicho, bali huvutwa ukawa mstari. Mara nyingi mtu huzaliwa na hali hiyo au huanza nayo angali mdogo.

Mbona basi mchana konstebo aliona vema? Mchana mboni hujikunja ikawa tundu dogo, na mwanga hupita katikati tu. Usiku mboni hupanuka ili ipokee mwanga zaidi, nao hupitia hata pembezoni, ambako kasoro ya umbo huzidi. Tena usiku taa kali hukaa juu ya giza tupu, na kila mstari huonekana wazi.

Aliyeandika mapema juu ya hali hii alikuwa mganga Mwingereza, Thomas Young, aliyeyapima macho yake mwenyewe mwaka 1801. Aliyeipatia miwani ni Mwingereza mwingine, George Airy, kijana msomi wa Cambridge ambaye baadaye, mwaka 1835, alipewa kazi ya mtaalamu mkuu wa nyota wa ufalme. Airy aligundua kuwa jicho lake la kushoto huiona nukta ya mwanga kama mstari. Alitoboa kadi kwa sindano, akaitazama nukta ya mwanga, akapima ni umbali gani nukta hiyo hugeuka mstari wa upande huu na umbali gani hugeuka mstari wa upande wa pili. Mwaka 1825 alieleza jinsi alivyotengenezewa lenzi ambayo uso wake mmoja ulipinda kwa mwelekeo mmoja tu, kama ubavu wa mcheduara. Lenzi za astigmatizimu hadi leo zinafuata wazo lilo hilo.

NENO LA MKEWE

Kujua ni jambo moja, na kusema ni jambo jingine. Konstebo aliporudi nyumbani katika nyumba za askari, alikaa siku mbili na siri yake. Posho za safari ndizo zilizolipa karo. Akiandikwa kuwa haoni usiku, huenda akanyang'anywa usukani. Siku ya tatu alimweleza mkewe habari yote, tangu trela hadi mikungu ya matoke.

Mkewe alisikiliza huku akichambua mchele. Kisha akasema, "Baba watoto, yule mzee wa baiskeli naye ana watoto."

Hakusema zaidi. Asubuhi yake konstebo alisimama mbele ya mkuu wake, akaeleza kila kitu, akatumwa hospitali. Kwa majuma kadhaa alipangiwa kazi za mchana tu, na fedha za nyumbani zikapungua. Sukari ikanunuliwa kwa vipimo vidogo. Mpimaji wa macho alimketisha kizani, akamvisha miwani ya majaribio, akawa akiizungusha lenzi polepole huku akiuliza, "Sasa? Na sasa?" Maana lenzi ya namna hii haitoshi kuwa na nguvu ipasayo, hapana budi iwekwe pia katika mshazari upasao, kama ufunguo katika kufuli.

Siku za kwanza miwani ilimsumbua. Sakafu ilionekana imeinuka upande mmoja, na ngazi zilimtia mashaka. Mpimaji alikuwa amemwonya asiivue, kwa kuwa macho hujizoeza. Baada ya juma moja hivi sakafu ililala sawa.

YA KUZINGATIWA

Aonaye taa zina mikuki au ndevu, asimame mahali salama, wala si akiwa anaendesha, alaze kichwa. Mikuki ikizunguka pamoja na kichwa, inatoka jichoni. Ikibaki mahali pake, na afute kioo cha gari kwanza, maana kioo chenye mafuta na michirizi ya waipa huleta mistari yake. Tena atazame taa kupitia tundu dogo la sindano katika karatasi: mikuki ikipungua, kuna tumaini kubwa kwamba miwani itamfaa. Miwani ya njano inayouzwa kando ya barabara kwa ajili ya usiku hainyooshi mwanga. Huupunguza tu, na dereva wa usiku hana mwanga wa kupoteza.

Wazazi nao wamwangalie mtoto anayekaza macho, anayelaza kichwa asomapo, au anayeumwa kichwa kila atokapo shuleni. Mtoto hatasema kwamba haoni vema, kwa sababu hajapata kuona vinginevyo.

Lakini si kila mwanga wa ajabu ni astigmatizimu. Mtu mzima ambaye taa zinamwaka kwa ukungu zaidi mwaka hadi mwaka aweza kuwa na mtoto wa jicho. Na akionaye duara zenye rangi za upinde wa mvua kuzunguka taa, huku jicho ni jekundu, linauma sana na kichefuchefu kinampata, asingoje asubuhi. Hiyo yaweza kuwa presha ya jicho, nayo huua nuru kwa muda mfupi.

TAA ZA MASESE

Konstebo alirudishwa usukani. Safari yake ya kwanza ya usiku alikuwa na koplo yule yule. Nakawa taa zilisimama kila moja mahali pake. Mabira matrela yalikuja na ukali wao, kwa kuwa miwani haizuii taa kali kumwumiza mtu macho, lakini ukingo wa barabara ulibaki ukionekana, na mara mbili alimwona mwenda kwa miguu kabla koplo hajamwona.

Jinja waliposhusha mizigo, waliteremka tena Masese. Giza lilikuwa zito na wavuvi walikuwa kazini. Miaka yote hiyo konstebo hakuwahi kuzihesabu taa za ziwani, kwa sababu mikuki yake ilishikana. Sasa akazihesabu kwa kidole, kutoka kushoto kwenda kulia, akapata 11. Akamwomba koplo azihesabu naye.

Koplo akahesabu. Zilikuwa 11.