Milimita 50 ni maji ya nani?

Kila masika, simu za akina mama wa Dar es Salaam hupokea tangazo lilelile: mvua kubwa inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Mama wa watoto wawili anayeishi Kigogo, jirani na Mto Msimbazi, afanye nini na milimita? Yeye anawaza kama kesho watoto waende shule, na kama godoro lipandishwe juu ya kabati usiku huu.

Milimita 50 ni lita 50 katika kila mita ya mraba, yaani ndoo kubwa mbili na nusu. Kwenye mchanga mtupu maji hayo huzama. Bondeni huingia ndani. Tena Msimbazi huanzia vilima vya Pugu, kwa hiyo Kigogo inaweza kufurika hata kama kwao hakujanyesha sana.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania siku hizi hutaja pia athari, kama makazi kuzungukwa na maji. Ni vizuri, na anayetaka mtabiri aishie mawinguni hajawahi kuchota maji sebuleni. Lakini “baadhi ya makazi” ni ya nani? Mtaro ulioziba anaujua mwenyekiti wa mtaa, si mtabiri. Wazungumze, tangazo litaje mtaa na daraja. Litakosea mara nyingine, na godoro litashushwa bure asubuhi. Akina mama watasamehe hilo. Ila lifike kabla ya jioni, watoto wangali macho.