Neno la Chini ya Ukurasa

Nisomapo tenzi za kale hapa Singida, mbali na pwani, kinachonishika ni jinsi karatasi inavyomsemesha msomaji. Katika Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, mama mgonjwa anamwita binti yake asogee na wino na karatasi: msomaji wa kwanza ndiye mwandishi. Wanakili wa herufi za Kiarabu nao, mara nyingi, waliandika chini ya ukurasa neno litakaloanza ukurasa unaofuata, ili karatasi zikitawanyika mfuatano usipotee. Wenzao wa Uingereza walifanya vivyo hivyo. Matoleo ya chapa kwa herufi za Kilatini huliacha neno hilo. Wachapaji hawalihitaji, kweli. Mimi ningeridhika na tanbihi moja tu, ikisema lilikuwapo.