Tulifundwa Kuanza, Nani Atatufunda Kukoma?

Sisi wasichana wa Tanga hatukuvunja ungo peke yetu. Kulikuwa na somo. Ukiona damu kwa mara ya kwanza, mama mwenyewe hasemi neno, anamwita somo. Unawekwa ndani, unafundwa usafi, adabu na mengine ambayo jarida hili haliwezi kuyaandika yote. Ukikaribia kuolewa anarudi kwa duru ya pili. Lakini hebu niambieni jamani, ni nani aliyewahi kumwona somo akimkalisha mkekani mwanamke wa miaka 48 na kumwambia, "Sasa hedhi inaaga, na ikiondoka haiondoki peke yake"?

Mimi sijamwona. Ndiyo maana leo nataka tuongee kuhusu kukoma hedhi, na hasa kuhusu mifupa. Najua msomaji wa miaka 27 ameshaanza kufungua ukurasa mwingine. Ngoja kwanza mpenzi, habari hii ni yako pengine kuliko ya mama yako.

Kilichotokea kwetu

Mama yangu alikoma hedhi akiwa na miaka 47. Usiku alikuwa akiamka amelowa jasho kama aliyenyeshewa, anafungua madirisha, anawasha feni mwezi wa Julai! Mwishowe akahamia chumba cha wageni ili Baba apate usingizi. Hakumweleza sababu, na Baba hakuuliza. Kimoyomoyo yeye aliamini kachokwa. Nyumba ikapoa hivyohivyo, watu wanasalimiana kwa adabu tu.

Alipofika miaka 53 aliteleza uani, akajizuia kwa mkono, kifundo kikavunjika. Si kwamba alianguka kutoka juu ya mti, alikuwa amesimama tu. Hospitalini, wakati anafungwa hogo, daktari aliuliza swali ambalo hatukulitegemea: "Mama, hedhi yako ilikoma lini?" Baba akageuka kutazama dirisha. Mama akajibu kwa sauti ndogo. Daktari akaeleza kwamba mfupa unaovunjika kwa kuanguka kidogo namna ile, kwa mwanamke wa umri ule, usichukuliwe kuwa ajali tu. Ni mfupa unaotoa taarifa.

Mfupa nao una maisha

Wengi tunadhani mfupa ni kama nguzo ya zege, ukishajengwa basi. Kumbe unabomolewa na kujengwa upya kila siku. Zipo seli zinazokula mfupa wa zamani na zipo zinazoweka mpya. Homoni ya estrojeni ndiyo inayowashika breki hao walaji. Hedhi inapokoma estrojeni hushuka, breki inaachia, na ubomoaji unaushinda ujenzi. Katika miaka 5 hadi 7 ya mwanzo mwanamke anaweza kupoteza hata asilimia 20 ya uzito wa mifupa yake. Haiumi wala haiwashi. Mfupa unabaki na vitundu vingi kama sifongo, na hali hiyo ndiyo wataalamu wanaiita osteoporosisi.

Inakadiriwa kuwa duniani, mwanamke mmoja kati ya watatu waliovuka miaka 50 atavunjika mfupa kwa sababu hii. Kaka zangu msicheke, na ninyi ni mmoja kati ya watano. Panapovunjika zaidi ni kifundo cha mkono, nyonga na pingili za mgongo. Pingili hukandamizwa taratibu, mtu anapungua urefu na kuinama. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mrefu kuliko babu kwenye picha zao. Mimi namkumbuka ananifikia kifuani. Tulisema ni uzee tu.

Kipimo chenyewe kinaitwa DXA, hupigwa nyongani na kiunoni, na hakiumi. Eksirei ya kawaida huchelewa kuuona upungufu. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliweka kiwango: alama ikiwa minus 2.5 au chini zaidi, ni osteoporosisi. Hospitali nyingi kwetu hazina mashine hiyo, tulizunguka hadi Dar es Salaam. Mama alipata minus 2.6.

Wewe wa miaka 27 unahusikaje?

Unahusika kwa sababu mifupa huweka akiba hadi unapokaribia miaka 30. Baada ya hapo unatumia ulichoweka. Anayefika ukomo wa hedhi na kibubu kilichojaa ana nafasi kubwa ya kusalimika, na aliyefika na cha robo ataisha mapema.

Sasa tazama tunavyokivunja kibubu. Unajinyima kula ili uingie kwenye gauni la harusi hadi hedhi inapotea miezi mitatu, na unafurahia kupumzika! Hiyo ni estrojeni imeshuka. Wapo wanaomeza deksamethasoni ili wanenepe, na wapo wanaojipaka mkorogo wenye steroidi kali mwili mzima kwa miaka. Dawa za jamii hiyo zikizidi mwilini hula mifupa. Sigara na pombe nyingi vivyo hivyo. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu nayo hupunguza mifupa kiasi unapoitumia, ingawa ukiacha hurudi kwa sehemu kubwa. Usiikimbie kwa hofu, zungumza na mhudumu wako kama unaitumia kwa miaka mingi.

Ukikoma hedhi kabla ya miaka 45, au ukiondolewa mayai yote kwa upasuaji, nenda kwa daktari mapema. Miaka yako bila estrojeni ni mingi zaidi.

Jikoni, uani na chumbani

Mwanamke mtu mzima anahitaji takribani miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku, akipita 50 ni 1,200. Glasi moja ya maziwa au mtindi inakupa kama 300. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao ni hazina, sukuma wiki nayo nzuri. Mchicha ni mboga safi, ila kalsiamu yake nyingi haifyonzwi, kwa hiyo usiutegemee peke yake. Punguza chumvi, maana huisindikiza kalsiamu kwenye mkojo. Protini usiiache.

Vitamini D inatoka juani. Anayeingia ofisini alfajiri na kutoka magharibi halioni jua hata kama anaishi Tanga, na anayevaa buibui anaweza kuota jua uani kwake mikono ikiwa wazi.

Mfupa hupenda kubebeshwa mzigo. Kutembea kwa kasi, kupanda ngazi, kucheza muziki na kunyanyua vyuma vyote vinaujenga. Kuogelea kunasaidia moyo, lakini mfupa haupati kazi ya kutosha. Kwa wazazi wetu ongeza mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja huku wameshika meza. Kisha tazama nyumba: vigae vyenye maji, zulia lililojikunja, kandambili zilizoisha, ujia usio na taa. Tumeweka taa na kishikio bafuni kwa Mama kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Daktari alimpa alendroneti, kidonge kimoja kwa wiki. Anakimeza asubuhi tumbo tupu kwa glasi nzima ya maji, halafu halali wala kula kwa nusu saa. Kachagua Jumamosi, maana Jumatatu na Alhamisi hufunga sunna. Zipo pia homoni. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani ulisimamisha sehemu iliyochanganya homoni mbili baada ya kuonekana hatari ya saratani ya matiti na kiharusi, na wanawake wengi wakaogopa. Leo inafahamika kwamba kwa mwenye dalili kali, aliye chini ya miaka 60 au ndani ya miaka 10 tangu kukoma hedhi, mara nyingi faida huzidi hatari, na mifupa hulindwa pia. Ila si kwa aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kuganda damu au kiharusi. Hilo ni la daktari, si la jirani.

Na ninyi waume? Baba yangu baada ya siku ile alinunua feni ya pili na kumrudisha mkewe chumbani. Sasa kila jioni wanatembea wote hadi Raskazone na kurudi. Anasema anamsindikiza, lakini na ya kwake mifupa inafaidi.

Oktoba ina siku mbili za kukumbuka: tarehe 18 ni ya kukoma hedhi duniani, na tarehe 20 ni ya osteoporosisi. Usizisubiri. Mpigie mama yako wiki hii umuulize ilikoma lini, kama bibi aliinama, na kama kuna aliyewahi kuvunjika nyonga kwenye ukoo. Majibu hayo ni sehemu ya historia yako. Akikuambia huna adabu, mtafute shangazi akuulizie.