Kiunzi cha Kigeni na Saa ya Kiswahili: Mwanagenzi wa Programu Upanga

Neno kiunzi si geni kwa wasomi wa Kiswahili. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili huulizwa kiunzi chake cha nadharia hata kabla hajaulizwa anakotoka, na fundi wa vyombo vya baharini naye huanza na kiunzi, yaani umbo la mkuku na mbavu linalosimama pwani kabla ubao wa kwanza haujapigiliwa. Katika utungaji wa programu za kompyuta, neno hilo hilo laweza kubeba maana ya tatu, nayo iko karibu zaidi na ile ya fundi. Kiunzi cha programu ni umbo lililokwisha kusimamishwa na watu wengine. Kazi ya kupokea maombi kutoka kwenye kivinjari, kuyahifadhi majibu katika hifadhidata, kumtambua mtumiaji na kumrudishia ukurasa aliouomba, yote hayo yamekwisha kuundwa. Anayeanza huachiwa nafasi zilizo wazi apigilie mbao zake mwenyewe. Ila tofauti moja ipo. Fundi wa jahazi huunda kiunzi akiijua bahari ambamo chombo kitasafiri, ilhali kiunzi cha programu huja na bahari ya kwao ndani yake.

Kiunzi kiitwacho Django chatosha kuwa mfano. Kilianza kuundwa mwaka 2003 na Adrian Holovaty na Simon Willison, waliokuwa wakifanya kazi katika gazeti la Lawrence Journal-World la jimbo la Kansas nchini Marekani. Kikatolewa bure kwa umma mwezi Julai 2005, na kikapewa jina la mpiga gitaa Django Reinhardt. Kimeandikwa kwa Python, lugha ya programu iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991. Waandishi wa magazeti ni watu wa haraka, na haraka hiyo imekuwa baraka kwa kila aliyekitumia baada yao, kwani kazi iliyokuwa ikichukua majuma hufanyika kwa siku chache. Lakini alama ya kwao haikufutika. Hadi leo, mtu asipotaja saa za mahali alipo, thamani ya msingi iliyomo ndani kabisa ya Django ni saa za Chicago, ambazo ndizo pia saa za mji wa Lawrence. Mradi mpya ukifunguliwa, faili lake la mipangilio huandikwa saa za ulimwengu, zile zinazolingana na za Greenwich, na lugha huwekwa Kiingereza cha Marekani. Hayo hayafanywi kwa hila wala dharau. Kila fundi hupima kwa mkono wake.

Mwanagenzi anayezungumziwa hapa ni kijana wa Upanga, aliyesomea uhasibu na kujifundisha Python nyakati za usiku. Upanga ni mtaa wa ghorofa za wastani, kunguru wasiohesabika, na tiba. Tangu Hospitali ya Princess Margaret ilipofunguliwa mwaka 1956, ile ambayo leo ni Muhimbili, zahanati, maabara na maduka ya dawa yameizunguka kama vibanda vinavyoizunguka stesheni. Katika mojawapo ya zahanati hizo, ya binafsi na ndogo, kulikuwa na daftari la miadi la kurasa pana, lililochanika pembeni, ambalo kila siku lilipotea angalau mara moja chini ya mafaili mengine. Kijana alijitolea kuligeuza daftari hilo kuwa programu ya wavuti.

Yafaa ielezwe kwamba sekta ya afya haikuwa ikiisubiri programu yake. Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, maarufu kwa jina la MTUHA, una vitabu vyake vinavyojulikana na kila muuguzi, na takwimu zake huingizwa katika DHIS2, mfumo uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Oslo na kuendelezwa nchini kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hata ukawa umeenea nchi nzima mwaka 2013. Huo nao umesimama juu ya viunzi, vya lugha ya Java. Hata hivyo kazi yake kubwa ni hesabu: wangapi, wapi, ugonjwa gani. Daftari la miadi lina kazi nyingine. Linamwambia mtu mmoja aje lini.

Usimikaji wenyewe haukuwa na makubwa. Kijana alitenga folda, akajenga ndani yake mazingira ya Python yaliyojitenga na mengine ya kompyuta, akapakua Django, akatoa amri ya kuanzisha mradi, kisha amri ya kuwasha seva ya majaribio. Kompyuta yake ikawa mwenyeji na mgeni kwa wakati mmoja: upande mmoja seva iliyosikiliza katika mlango namba 8000, upande wa pili kivinjari kilichobisha hodi katika mlango huo huo. Ukurasa ukatokea ukiwa na picha ya roketi, ukimpongeza kwa Kiingereza. Umeme ulikatika mara moja katikati ya kazi, jambo ambalo halistahili kutajwa isipokuwa kwa sababu betri ilistahimili. Ukikumbuka kwamba kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na kwamba miaka tisa baadaye, mwaka 1974, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, utakubali kwamba jioni moja ya namna hiyo katika chumba cha Upanga imetoka mbali.

Tatizo la kwanza lilikuwa la kisarufi, na lilichekesha. Kijana aliazimia kutumia Kiswahili hata ndani ya msimbo, basi akatangaza umbo la data na kuliita Mgonjwa, la pili akaliita Dawa, la tatu Miadi. Django ina ukurasa wa wasimamizi unaojitengeneza wenyewe kutokana na maumbo hayo, na ambao pengine ndio uliowavutia watu wengi kuliko sehemu nyingine yoyote ya kiunzi hicho. Alipoufungua, alikuta umeandikwa Mgonjwas, Dawas, Miadis. Kiunzi kilikuwa kimechukua kila jina na kulitia herufi s mwishoni, kwa imani kwamba wingi wa majina yote duniani hupatikana hivyo. Dawa yake ni ndogo: mtungaji huandika mwenyewe umbo la wingi, wagonjwa, dawa, miadi, na kiunzi hutii. Msomaji wa isimu ataona hapa kwamba Django haikukataa wingi wa Kiswahili. Ilitaka uambiwe waziwazi, kama kipekee, kile ambacho kwa Kiingereza ilikijua bila kuambiwa.

Tatizo la pili halikuwa na dawa ndogo. Kila mtumiaji anapoongeza kitu, ukurasa wa wasimamizi hutoa taarifa kwamba kitu fulani kimeongezwa. Sentensi hiyo imetungwa mara moja tu, ikiwa na pengo la kutia jina lolote. Kwa Kiingereza pengo hilo halina madhara, kwa kuwa kitenzi hakijali kilichotangulia. Kwa Kiswahili, mgonjwa ameongezwa, dawa imeongezwa, kitabu kimeongezwa, jina limeongezwa, na ufunguo umeongezwa. Django inazo tafsiri za Kiswahili zilizofanywa na wajitoleaji, na zana ya tafsiri inayotumika hujua kutofautisha umoja na wingi. Umoja na wingi, hata hivyo, si shida ya Kiswahili. Maumbo mawili yanatosha. Shida ni ngeli, na ngeli haikupewa nafasi yoyote katika zana hiyo. Mfasiri hata awe bingwa, huwekwa mbele ya sentensi moja na kuambiwa atunge kitenzi kabla hajajulishwa nomino.

Kijana alijaribu njia mbili, na zote mbili zinastahili kutazamwa na wanasarufi kwa jicho pevu. Njia ya kwanza ni kutafuta nomino kuu itakayobeba upatanisho kwa niaba ya nyingine: taarifa za mgonjwa zimehifadhiwa, taarifa za dawa zimehifadhiwa, taarifa za kitabu zimehifadhiwa. Kinachobadilika huwekwa nyuma ya kihusishi cha umilikishi, mahali ambapo hakigusi kitenzi. Njia ya pili ni ya kale zaidi, nayo ni kukipa kitenzi kiambishi cha mahali: kumeongezwa mgonjwa, kumeongezwa dawa, kumeongezwa kitabu. Hapo ngeli zote husalimu amri kwa ku-, kama zinavyosalimu katika simulizi zinazoanza kwa kusema kwamba hapo kale kuliondokea mtu. Njia hii ya pili ina uzuri wake na imetoka ndani ya lugha yenyewe, ingawa katika kioo cha kompyuta inasikika kama hadithi inaanza. Kijana alichagua ya kwanza.

Uchaguzi huo ulimsaidia mahali ambapo hakutarajia. Panapohusika kufuta, kiunzi humwuliza mtumiaji kama ana hakika anataka kufuta kitu alichokichagua. Ukitafsiri bila kiambishi cha mtendwa, kufuta mgonjwa, umemfanya binadamu kuwa kitu. Ukikitia, kumfuta mgonjwa, sarufi imetimia lakini ndani ya zahanati hakuna mtu atakayelibonyeza pale kwa moyo mweupe. Kufuta kumbukumbu za mgonjwa ni sahihi kwa kila hali, na ndicho hasa kinachofanyika.

Ama kuhusu saa, hapo ndipo palipokuwa na hatari. Kijana aliweka lugha kuwa Kiswahili na saa kuwa za Afrika Mashariki, ambazo ziko saa tatu mbele ya Greenwich, akaandika miadi kumi ya majaribio, akachapa karatasi, akampelekea muuguzi wa zamani wa zahanati hiyo. Alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha yule mama akavaa miwani na kusoma. Karatasi ilisema mgonjwa wa kwanza aje saa 8:00 asubuhi.

"Mwanangu," akauliza, "saa nane asubuhi ni ya nchi gani?"

"Ni saa mbili, Mama. Kompyuta imeandika kwa Kizungu."

"Wewe unajua kwamba ni saa mbili. Bibi wa Kigogo aliyefunga tangu usiku ili apimwe damu, yeye ataisoma nane, aje mchana."

Hakuwa akitia chumvi. Anayehesabu saa kwa Kiswahili huanza na kuchomoza kwa jua, saa moja ikiwa ni saa ya kwanza kukamilika baada ya kupambazuka. Saa nane asubuhi kwake haipo. Iko saa nane mchana na iko saa nane usiku. Akilikuta neno lisilowezekana ataamini tarakimu na kulitupa neno, au atafanya kinyume chake, na hakuna ajuaye atakalolichagua. Kwa mgonjwa wa kisukari aliyeambiwa asile kitu, tofauti ya saa sita si suala la istilahi.

Hesabu ya kugeuza ni nyepesi: chukua saa ya ukutani ya tarakimu 24, ongeza 6, gawanya kwa 12 na ushike baki, baki likiwa sifuri, sema kumi na mbili. Saa 7 huwa 1, saa 14 huwa 8. Kijana aliiandika kwa mistari minne, akaongeza mingine ya kuchagua neno lifaalo kati ya alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku. Alipokuwa akiihakiki aliona jambo la kupendeza. Greenwich inapofika 4, ukuta wa Upanga husema 7 na mdomo wa Upanga husema moja. Saa za ulimwengu ziko katikati kabisa ya saa mbili za mtaa mmoja, tatu huku na tatu huku.

Kilichobaki kikawa usiku. Kama mradi ungeachwa na saa za Greenwich, mgonjwa aliyepokelewa saa nane usiku angehesabiwa katika tarehe ya jana, na hivyo hivyo kila aliyepokelewa kati ya saa sita na saa tisa. Hilo liliondoka saa zilipowekwa sawa. Lakini kompyuta hubadili siku usiku wa manane, ilhali mzungumzaji wa Kiswahili aliye macho saa saba usiku bado yumo katika usiku ule ule ulioanza magharibi. Kwa hesabu ya kale ya pwani, usiku hutangulia mchana wake, hata usiku wa Ijumaa ukawa ule ambao wengine huuita Alhamisi usiku. Miadi haiwekwi saa saba usiku, ila dawa hunywewa usiku, na karatasi ya dawa nayo ilikuwa ichapwe na programu hiyo hiyo. Muuguzi alipendekeza kwamba usiku usiandikwe kwa siku moja tu, bali kwa siku mbili: usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Nafasi katika karatasi ilikuwa finyu. Kijana alipunguza ukubwa wa nembo ya zahanati, na maneno yote yakaenea.